Intaneti ya Nyumbani au ya Biashara: Namna ya Kuchagua Kifurushi Kabla ya Kusaini

Ukiweka kipeperushi cha intaneti ya nyumbani kando ya kile cha biashara kutoka kampuni ileile, cha nyumbani ndicho kitakachovutia: kasi kubwa, bei ndogo. Mwenye ofisi ya watu sita hujiuliza kwa nini alipe mara mbili au tatu kwa Mbps (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) zilezile, tena wakati mwingine pungufu. Ni swali la haki, na jibu lake linategemea kazi inayopita kwenye laini. Kuna maduka yanayotupa pesa kila mwezi kwa kifurushi cha kampuni, na kuna sebule ambazo, kwa kazi inayofanyika ndani yake, zingestahili laini ya biashara.

Hatua zilizo hapa zimeandikwa kwa mazingira ya Tanzania na Kenya: duka, ofisi ndogo, nyumba ya wageni, au mtu anayefanyia kazi nyumbani. Zifuate kwa mpangilio, maana majibu ya hatua za mwanzo ndiyo utakayoyahitaji mbele ya muuzaji.

Kwanza, ujue unauziwa nini

Wauzaji husema kuna aina mbili. Kwa kweli ziko tatu.

Ya kwanza ni faiba ya nyumbani. Mara nyingi hutumia mfumo wa GPON: waya mmoja wa faiba unatoka kwenye kituo cha kampuni, unafika mtaani, kisha splita iliyo nguzoni au ndani ya kisanduku inaugawa kwa nyumba 32 au 64. Waya huo mmoja hubeba karibu Gbps 2.5 (Gbps moja ni Mbps 1,000) kwenda kwa wateja na Gbps 1.25 kurudi. Nyumba 32 zikiuziwa Mbps 100 kila moja, jumla ni Gbps 3.2, yaani zaidi ya uwezo wa waya. Huo si wizi. Kampuni inajua watu hawatumii kwa wakati mmoja. Lakini saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mbele ya televisheni, ndipo utakapoona kasi ikishuka. Mara nyingi msongamano mkubwa hauko hata kwenye splita, uko mbele zaidi, kwenye njia inayotoka kituoni kwenda nje.

Ya pili ni faiba ya biashara ndogo. Hapa wengi hushtuka: inaweza kupita kwenye waya uleule na splita ileile ya jirani yako. Kinachobadilika ni kwamba njia ya mbele inagawanywa kwa wateja wachache zaidi, unaweza kupata IP ya kudumu (anwani ya mtandaoni isiyobadilika), unapewa ankara kamili ya kodi, na ukipiga simu unapokelewa na dawati tofauti.

Ya tatu ni laini mahususi. Kasi uliyolipia ni yako peke yako saa zote, kupakia ni sawa na kupakua, na kuna mkataba wa kiwango cha huduma, yaani SLA, wenye fidia. Bei yake kwa kila Mbps iko juu sana, kiasi kwamba Mbps 20 za laini mahususi zinaweza kugharimu zaidi kuliko Mbps 200 za nyumbani.

Muuzaji akikuambia "hii ni ya biashara", mwulize moja kwa moja ni ya pili au ya tatu, na laini inagawanywa kwa wateja wangapi. Akijibu 1:1, hiyo ni mahususi. Akijibu 1:4 au 1:8, ni ya kugawana, na si vibaya. Akishindwa kujibu, omba uzungumze na mhandisi wa mauzo.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi zinazopita kwenye laini

Chukua karatasi. Fikiria ile saa ya siku yenye shughuli nyingi kuliko zote, kisha andika kila kinachotumia intaneti saa hiyo na kiasi kinachohitaji, ukitenganisha kupakua na kupakia. Makadirio haya yatakusaidia:

- Simu ya sauti kupitia intaneti: karibu Mbps 0.1 kila upande.
- Mkutano wa video wenye picha safi: Mbps 3 hadi 4 kila upande. Kwa picha ya kawaida, 1 hadi 1.5 inatosha.
- Mtu anayetazama video ya HD kamili: kama Mbps 5 za kupakua.
- Kamera ya CCTV ya megapikseli 4 inayotuma picha nje muda wote: Mbps 2 hadi 4 za kupakia, kwa kila kamera.
- Mashine ya mauzo, programu ya uhasibu ya mtandaoni, mashine ya EFD (ya risiti za kodi): kidogo mno. Hizi hazitaki kasi, zinataka laini isiyokatika.

Kamera zina jambo la kuangalia. Zikirekodi kwenye NVR (kinasa picha za kamera) iliyomo humohumo dukani, hazipakii chochote mpaka wewe uzitazame kwa simu, na hapo hutumia mkondo mdogo wa kama nusu Mbps. Zikihifadhi kwenye seva za nje, kamera nane zinakula Mbps 16 au zaidi za kupakia mchana na usiku. Kifurushi chenye Mbps 10 za kupakia hakitazimudu hata kama kupakua ni Mbps 100.

Upande wa kupakia ndio unaowaumiza wengi, kwa sababu vipeperushi hutaja namba moja tu. Mpiga video za harusi anayetuma kazi ya gigabaiti 20 kwa mteja atahitaji karibu saa nne na nusu kwa Mbps 10 za kupakia, na chini ya saa moja kwa Mbps 50. Hesabu yake ni rahisi: zidisha gigabaiti kwa 8,000 upate megabiti, gawanya kwa Mbps, upate sekunde.

Tena, kupakia kukijaa, hata kupakua hukwama. Kila data inayoingia huhitaji majibu madogo yanayotoka kuthibitisha kwamba imefika. Foleni ya kutoka ikijaa, majibu hayo huchelewa, na upande wa pili hupunguza mwendo. Ndiyo maana mtu mmoja akianza kupakia nakala za akiba saa nne asubuhi, ofisi nzima hulalamika kwamba "mtandao umekufa". Kabla ya kununua kifurushi kikubwa, ingia kwenye rauta, uwekee kazi hiyo kikomo cha asilimia 70 hadi 80 ya kasi yako ya kupakia, au uipange ifanyike usiku. Malalamiko mengi huishia hapo, bila kuongeza hata shilingi.

Jumlisha sasa. Ofisi ya watu wanane, watatu wakiwa kwenye mikutano ya video kwa wakati mmoja, itahitaji Mbps 9 hadi 12 za kupakia kwa mikutano hiyo. Ongeza nafasi ya barua pepe na mafaili, useme Mbps 20. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo kwa muuzaji.

Hatua ya 2: Pima laini uliyonayo

Kama tayari una laini, usihame kabla ya kujua inashindwa wapi. Kupima kwa simu ukiwa chumba cha pili hakukuambii kitu kuhusu kampuni. Kunakuambia habari za Wi-Fi yako.

Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya wa Cat5e au zaidi, uzime Wi-Fi ya kompyuta. Hakikisha tundu la mtandao la kompyuta na la rauta ni ya gigabiti. Tundu la zamani la Mbps 100 litakuonyesha kama Mbps 94 hata ukilipia 300, na utailaumu kampuni bure.

Pima saa nne asubuhi, saa tisa alasiri na saa mbili usiku, kwa siku tano za kazi. Programu za kupima kasi huchagua zenyewe seva iliyo karibu, na mara nyingi seva hiyo iko ndani ya mtandao wa kampuni yako. Pima humo, kisha chagua seva ya kampuni nyingine nchini, kisha moja ya Ulaya. Kama ya ndani ni nzuri na ya nje ni mbovu kila jioni, msongamano uko kwenye njia za kutoka nje, na kuongeza Mbps kwa kampuni ileile hakutasaidia.

Kwa kupotea kwa pakiti (vipande vidogo vya data), fungua dirisha la amri kwenye Windows uandike:

ping -n 300 8.8.8.8

Kwenye Mac na Linux tumia -c badala ya -n. Itachukua dakika tano. Zikipotea zaidi ya pakiti 3 kati ya 300, simu za intaneti zitakatakata sauti. Fungua dirisha la pili kwa wakati uleule, upige ping anwani ya rauta yako, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Rauta yenyewe ikipoteza pakiti, ubovu uko ndani kwako: waya, rauta, au Wi-Fi kama hukutumia waya.

Usisumbuke na ucheleweshaji wa milisekunde 150 hivi kwenda Ulaya. Huo ni umbali wa waya za baharini, na hakuna kifurushi kitakachoufuta.

Ukigundua kwamba kwa waya kila kitu ni kizuri na kwa Wi-Fi ni kibaya, acha habari ya vifurushi. Nunua kisambaza Wi-Fi kimoja au viwili, uviunganishe kwa waya kwenye rauta, uviweke darini katikati ya eneo la kazi. Rauta ya bure ya kampuni hulemewa vifaa vikizidi ishirini au thelathini, na ofisi ya watu wanane huwa na vifaa hivyo bila mtu kujua: kila mtu ana simu na kompyuta, ongeza printa, kamera na televisheni ya mapokezi.

Hatua ya 3: Je, unahitaji IP ya kudumu?

Anwani za IPv4 ni adimu, kwa hiyo laini nyingi za nyumbani, na karibu zote za simu, huwekwa nyuma ya anwani moja inayotumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Mafundi huiita CGNAT. Kwa kutazama video na kutuma pesa hutaona tofauti. Utaiona pale kitu cha nje kinapotaka kuingia kwako.

Ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje wa rauta. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikifanana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, na ile ya rauta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT. Hapo kufungua milango (port) kwenye rauta hakufanyi kazi, wala DDNS (jina linalofuata IP inayobadilika) haitakusaidia, hata fundi wa kamera aahidi vipi.

Unahitaji IP ya kudumu kama una seva ofisini, kama matawi yanaunganishwa kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti) ya rauta kwa rauta, au kama benki au mteja mkubwa anakutaka umpe anwani moja ya kuruhusu kwenye mfumo wake. Huhitaji kwa kutazama kamera tu, kwa sababu karibu NVR zote za sasa hutumia huduma ya P2P ya mtengenezaji kupitia msimbo wa QR. Huhitaji pia kwa mtu mmoja anayetaka kufikia kompyuta ya ofisi: programu ya VPN kama WireGuard kupitia seva ndogo ya kukodi, au Tailscale, inapita kwenye CGNAT bila shida.

Uliza kama IP inauzwa peke yake. Baadhi ya kampuni huiongeza kwenye kifurushi cha biashara ndogo kwa ada ya mwezi, na hiyo hutoka nafuu kuliko kupanda hadi laini mahususi kwa ajili ya anwani tu.

Hatua ya 4: Hesabu thamani ya saa moja bila intaneti

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo watu wengi huruka.

Tuseme ofisi yako ina wafanyakazi wanane, wastani wa mshahara ni TSh 800,000 kwa saa 176 za mwezi. Saa moja ya mtu mmoja ni kama TSh 4,500. Ya wote wanane ni TSh 36,000. Intaneti ikikatika hawasimami kabisa, wana kazi nyingine, kwa hiyo chukua nusu: TSh 18,000 kwa saa.

Tuseme tena laini inakatika mara moja kila miezi miwili. Kwa kifurushi cha nyumbani fundi anakuja baada ya siku mbili za kazi, yaani saa 16, sawa na saa 8 kwa mwezi: TSh 144,000. Kwa kifurushi cha biashara anakuja ndani ya saa nne, sawa na saa 2 kwa mwezi: TSh 36,000. Tofauti ni TSh 108,000. Kama kifurushi cha biashara kinazidi cha nyumbani kwa chini ya hapo, kinajilipa. Kikizidi kwa TSh 300,000, hakijilipi, na unahitaji njia nyingine, ambayo iko hatua ya 6.

Kwa duka, usichukue mauzo yote. Chukua faida ya mauzo yanayopotea kweli. Duka la dawa linalopokea fedha taslimu na malipo ya simu litaendelea kuuza hata faiba ikikatika. Duka linalouza kupitia mtandao, au ofisi inayohudumia wateja wa nje kwa simu za intaneti, linapoteza karibu kila kitu. Namba hizi zote badilisha uweke zako.

Hatua ya 5: Soma SLA ukiwa na kalamu

Asilimia kwenye SLA hudanganya macho. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 99 inaruhusu saa 7 na dakika 12 za kukatika. Asilimia 99.5 inaruhusu saa 3 na dakika 36. Asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43. Vifurushi vya nyumbani kwa kawaida havina ahadi yoyote. Mkataba husema huduma itatolewa "kadiri inavyowezekana".

Asilimia siyo jambo kubwa kuliko yote, hata hivyo. Uliza haya, na majibu yawe kwa barua pepe:

Muda wa kurekebisha unaanza kuhesabiwa lini, unapopiga simu au wanapofungua tiketi? Ni muda wa *kujibu* au wa *kurekebisha*? "Tutajibu ndani ya saa mbili" maana yake mtu atakupigia ndani ya saa mbili, basi.

Saa za msaada ni zipi? Kama dukani kwako siku kubwa ni Jumamosi na Jumapili, SLA ya Jumatatu hadi Ijumaa haina faida kwako.

Nini hakihesabiwi? Matengenezo yaliyopangwa, kukatika kwa umeme kwako, na kukatika kwa waya za watu wengine huondolewa mara nyingi. Tarehe 12 Mei 2024 waya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania na Kenya zikakaa na intaneti dhaifu. Laini ya biashara yenye SLA nzuri nayo iliweza kuathirika, kama kampuni yake ilitegemea njia hizo. Uliza kampuni inatoka nje kwa waya zipi, na kama ina njia ya kaskazini na ya kusini.

Fidia ni kiasi gani na inadaiwaje? Kwa kawaida ni punguzo dogo kwenye ankara ijayo, na hulipwi usipoomba. Andika tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi na namba ya tiketi kila mara. Mgogoro ukishindikana kwa kampuni, kumbukumbu hizo ndizo utakazopeleka kwa mdhibiti: TCRA ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya. Wote wawili watakuuliza kwanza kama umelalamika kwa kampuni yenyewe.

Hatua ya 6: Laini ya akiba, ambayo mara nyingi inamaliza ubishi

Kwa biashara ndogo, laini mbili za kawaida kutoka kampuni mbili humshinda mwenye laini moja ya gharama. Waya wa faiba ulio nguzoni ukikatwa na lori au na mafundi wa barabara, umekatwa. SLA haiuungi kwa uchawi. Unahitaji njia ya pili isiyopita palepale.

Faiba mbili zilizotundikwa kwenye nguzo ileile ni faiba moja. Kampuni mbili zinaweza pia kukodi waya wa mtu mmoja. Kwa hiyo laini ya akiba iliyo bora kwa wengi ni 4G au 5G ya kampuni tofauti na ya faiba, kwa kifurushi cha gigabaiti chache kinachokaa kikisubiri. Kenya, Starlink nayo imekuwa ikiuzwa tangu 2023 na inafaa mahali faiba haijafika. Kumbuka tu kwamba kifurushi chake cha nyumbani kiko nyuma ya CGNAT.

Nunua rauta yenye milango miwili ya WAN, au yenye mlango mmoja wa WAN na nafasi ya laini ya simu. Weka faiba kuwa ya kwanza, 4G ya pili, na ukaguzi wa kubadilisha uwe kwa ping ya anwani ya nje kama 1.1.1.1, siyo kwa kuangalia kama waya umechomekwa. Kosa hili ni la kawaida sana: kisanduku cha faiba bado kina umeme, rauta inaona waya uko hai, haibadilishi, na ofisi inakaa gizani huku laini ya akiba iko tayari. Zuia pia kamera na nakala za akiba zisipite kwenye 4G, la sivyo bando litaisha kabla ya saa sita mchana. Mara moja kwa mwezi chomoa faiba makusudi uone kama mashine ya mauzo inaendelea.

Kisha umeme. Kisanduku cheupe cha faiba kilicho ukutani, ambacho mafundi hukiita ONT, na rauta nyingi hutumia volti 12. UPS ndogo ya DC ya 10,000 mAh inabeba kama Wh (wati-saa) 37. Vifaa viwili vikila wati 10 kwa pamoja, utapata karibu saa tatu. Angalia volti na ampea za kila adapta kabla ya kuchomeka, maana rauta ya volti 9 ikipewa 12 inaweza kuungua.

Hatua ya 7: Kodi na masharti ya matumizi

Kama umesajiliwa VAT, bei unayoona si gharama yako. Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18: ankara ya TSh 236,000 ina VAT ya TSh 36,000 ambayo unaweza kuidai, mradi risiti ya EFD iwe kwa jina la biashara na yenye TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) yako. Kenya ni asilimia 16, na ankara inapaswa kutoka eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, ikiwa na PIN ya biashara. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato. Kifurushi cha nyumbani kilichosajiliwa kwa jina lako binafsi na kulipiwa kwa simu hakikupi haya kirahisi. Asiyesajiliwa VAT apite hapa bila kusimama.

Kwenye mkataba wa nyumbani tafuta sentensi inayosema huduma ni ya matumizi ya nyumbani tu. Mtu anayefanyia kazi ya ajira sebuleni kwa kawaida hana tatizo. Duka lililosajiliwa kama nyumba linaweza kukatiwa, au fundi akifika akakataa kuhudumia. Kuuza intaneti kwa majirani au kwa wapangaji kupitia hotspot ni jambo kubwa zaidi: mikataba mingi ya nyumbani inalikataza, na biashara hiyo inahitaji leseni ya mdhibiti. Nyumba ya wageni inayowapa wageni Wi-Fi bila malipo iulize kampuni kwa maandishi kifurushi gani kinaruhusu.

Tafuta pia kikomo cha matumizi ya haki. "Bila kikomo" huweza kuwa na gigabaiti fulani ambazo ukizipita, kasi hushushwa hadi tarehe ya malipo ijayo. Ofisi hufika kikomo hicho haraka kuliko familia.

Kwa hiyo nani achukue kipi

Anayefanya kazi ya ajira nyumbani: cha nyumbani chenye kupakia kwa kutosha, pamoja na simu yenye bando la akiba. Duka la kawaida na saluni: biashara ndogo cha chini kabisa, kwa ajili ya ankara na fundi. Ofisi ya watu watano hadi ishirini: biashara ndogo pamoja na 4G ya kampuni nyingine. Nyumba ya wageni: biashara ndogo yenye kupakua kukubwa, na mtandao wa wageni uliotenganishwa na wa mapokezi. Laini mahususi iache kwa kituo cha simu, hospitali yenye mifumo ya matawi, kiwanda chenye seva zake, au kampuni ambayo mkataba wake na mteja unaitaka.

Siku ya kufungiwa laini

Kabla hujalipa, mwonyeshe muuzaji jengo lako kwenye ramani na uombe wakague kama faiba imefika. Mwulize pia mwenye jengo. Majengo mengine yana kampuni moja tu inayoruhusiwa kuingiza waya, na hapo hesabu zote za juu zinabadilika. Laini mahususi inayohitaji kuchimba au kuvuta waya mpya inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Fundi akimaliza, mwambie akuonyeshe nguvu ya mwanga inayopokelewa kwenye ONT. Kati ya -15 na -25 dBm ni salama. Ikikaribia -27, laini itaanza kukatika mvua ikinyesha au waya ukipinda kidogo. Mwambie arudie kiungo au asafishe kichwa cha waya kabla hajaondoka. Pima kasi kwa waya mbele yake, pande zote mbili. Piga picha ya namba ya laini, namba ya ONT, na jinsi taa zinavyowaka kukiwa sawa: siku taa ya LOS (ya kukosa mwanga) ikiwa nyekundu, utajua mwanga wa faiba haufiki na hutapoteza nusu saa ukizima na kuwasha rauta.

Usisitishe laini ya zamani siku hiyohiyo. Ziendeshe pamoja wiki mbili, urudie vipimo vya hatua ya 2 kwenye laini mpya, kisha toa notisi ya zamani kwa maandishi. Mikataba mingi hutaka siku 30, na ile ya miezi 12 au 24 ina ada ya kuivunja mapema. Rudisha rauta na ONT zao pamoja na adapta, na udai risiti ya makabidhiano, maana kifaa kisichorudishwa huweza kukatwa kwenye amana yako au kuongezwa kwenye ankara ya mwisho.